Bendeksi Uliyozikwa Nayo

Maganga, mpagazi uliyetua mzigo,

Shikamoo sikupi. Ulinizidi umri na bado hukuipata ulipokuwa hai, itakuwa leo umelala chali? Babu zako walipita hapa Ugogo na pembe za ndovu mabegani, wakatoa hongo kwa babu zangu ndipo wakaruhusiwa kunywa maji, na tangu hapo hakuna Mgogo mwenye akili zake anayemwamkia Mnyamwezi. Kwa hiyo lala hivyo hivyo unisikilize. Safari hii huwezi kunikatiza.

Nimekukasirikia. Watu wakifa huacha ng'ombe, huacha nyumba, wengine huacha hata ugomvi wa mpaka wa shamba, ili mradi wenzao wapate la kufanya. Wewe umeacha ndoo. Ndoo ya plastiki iliyomeguka mdomo, na ndani yake stata ya gari imefumuliwa vipande vipande kama kuku wa sikukuu, inaelea kwenye mafuta ya taa. Ukaingia ndani jioni ukamwambia mkeo kesho utaendelea, ukajifunika shuka, ukafa. Uvivu gani huo, mtani? Hata kufa umekufa kwa kukwepa kazi.

Na ni gari gani basi lililokuwa linatengenezewa hiyo stata? Mpagazi! Mimi ndiye niliyelipa jina hilo na wewe kwa ujinga wako ukalipenda. Lile dude la Kiingereza la tangu enzi za wakoloni, milango ya bati, tairi la akiba limebebwa juu ya boneti kama mama mwenye mtoto asiyetaka kushuka. Sisi majirani zako wa Mkonze tumelisikia likikohoa miaka yote, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona likiwaka kwa ufunguo. Ulikuwa unaliegesha pale juu kwenye mteremko wa korongo, asubuhi unapanda, unashika usukani kama bwana mkubwa, halafu unapiga kelele kuvuka ua, "Mgogo! Uji utaukuta, njoo usukume!"

Nami nakuja. Huo ndio upumbavu wangu, naukubali mbele ya Mungu. Naacha uji unapoa, nakuja na kanda mbili zangu, naweka mikono kwenye bati la nyuma, nasukuma mzee mzima. "Mnyamwezi kaumbwa kubeba mizigo, wewe umenunua gari ili Mgogo akubebe wewe!" Na wewe kutoka dirishani, "Sukuma, ombaomba, chakula kiko mbele!" Likishika moto unanitupia kishada kimoja cha zabibu, hata husimami, unaniachia moshi. Nilikuwa nakula zabibu zile zina ladha ya dizeli. Nikikuuliza kwa nini hutengenezi stata, unanijibu kwamba stata ni ya watu wasio na majirani.

Haya. Sasa sikiliza ulichonifanyia.

Kazi ya mtani msibani unaijua, maana uliifanya vizuri mno alipofariki mama yangu. Uliteremka ndani ya kaburi kabla ya jeneza, ukajilaza, ukakoroma, ukasema hutoki mpaka upewe haki yako, tukakutoa kwa jogoo. Jogoo yule ulimla peke yako. Mimi nilikuwa nimekaa kama gogo tangu asubuhi, chozi halitoki, lakini uliponiona ukafumbua jicho moja mle kaburini nikaangua kicheko, na baada ya kicheko ndipo nikaweza kulia. Sijawahi kukushukuru na sikushukuru leo.

Kwa hiyo ilipofika zamu yako nikasema huyu lazima nimlipe. Nilivaa ovaroli lako lile lenye kiraka cha turubai. Nikazunguka uwanja mzima nasukuma gari lisilokuwepo, natukana Wagogo kwa sauti yako ya puani. Kina mama waliokuwa wakilia kwa kwikwi wakaanza kujiziba midomo kwa khanga. Mkeo alicheka hadi akashika kiuno. Nikaona mambo yamekolea, nikaenda barazani, nikaibeba ile ndoo, nikapaza sauti, "Jamani, tajiri kafa, njooni mirathi igawiwe!"

Nikagawa, Maganga. Ndoo niliibeba hadi mbele ya kaburi lako, pale shambani kwako Zuzu, pembeni ya mizabibu. Katekista nilimpa zile bolti ndefu za kufungia stata, nikamwambia akafungie mlango wa mbinguni maana marehemu anaweza kuingia bila kupiga hodi. Juma muuza nyama, yule Mrangi wetu wa Kondoa, nikamkabidhi amecha, ile roho nzito ya stata iliyosukwa nyaya za shaba, nikasema apimie nyama kwa kuwa mawe yake ya mizani tunayajua. Mwanao Masanja nikamvika lile ganda la nje mkononi kama bangili. Watu hoi! Na kilichobaki chini ya ndoo kilikuwa ile bendeksi, kile kigurudumu chenye meno kinachoruka kuuma gurudumu la injini ili izunguke, ambacho bila hicho stata ni chuma cha kuzuia mlango tu. Nikakishika juu watu wote wakione. Nikakitupa kaburini. Kilitua juu ya jeneza, ngo! Nikakwambia, "Kamalizie kazi huko, mvivu wewe!"

Watu walicheka mpaka mchimba kaburi akaangusha sepetu. Ulizikwa vizuri. Wanyamwezi wenzako waliotoka Tabora walisema hawajaona mtani wa namna ile. Ila haki yangu sikupewa. Masanja alikuwa na ratiba mkononi imechapwa, na kwenye ratiba hakukuwa na mahali pa jogoo.

Sasa huyo Masanja. Nisamehe, ni damu yako, lakini ungemtahiri upya akili zikae sawa. Kijana ana kitambulisho cha wizara shingoni hadi msibani, utadhani bila kile kitambulisho mama yake hatamjua. Gari lake linawaka kwa kubonyeza kitufe kama kengele ya mlangoni. Viatu vimechongoka mbele, unaweza kuchimbia viazi. Wageni hawajamaliza kuondoka akaita kikao, akasema ameshafikiria kila kitu. Mama atahamia kwake Mtumba. Shamba la zabibu litakodishwa kwa mtu. Na Mpagazi litauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ameshaongea naye. "Tuwe siriasi, mzee," akaniambia mimi, mimi! "Mama anaweza kuendesha, sawa, baba alimfundisha. Lakini hawezi kusukuma. Shamba liko Zuzu, yeye yuko hapa Mkonze, atafikaje? Nani atamsukumia kila siku?"

Mkeo alikuwa anatazama chini. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya khanga.

Kesho yake akaja kwangu. Mke wetu yule hana kawaida ya kuja kwangu asubuhi, nikajua kuna jambo. Hakukaa hata kwenye kigoda. "Shemeji," akasema, "ile ndoo iko wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia si nimegawa, hukuniona? Yeye hakucheka. Akaniambia kitu ambacho wewe, firauni mkubwa, hukuniambia hata siku moja, nami nakaa nawe ukuta kwa ukuta. Kwamba ulijua kifua chako kinakwenda kubaya. Kwamba stata ile ulianza kuifumua kwa ajili yake, na ulimwambia kwa maneno haya, "Wewe hutaweza kusukuma, na yule Mgogo naye anazeeka."

Anazeeka nani? Nani anazeeka, Maganga? Umekufa wewe mimi nimebaki, halafu ninayezeeka ni mimi?

Nilitaka kucheka tena nikashindwa. Nilikaa pale mlangoni nikimwona mwanamke mwenye shamba lake, mizabibu aliyoipanda kwa mikono yake, mume wake amelala pembeni ya mizabibu hiyo, na wanataka kumpeleka akakae kwenye sebule ya Mtumba kutazama televisheni na kufulia watu soksi. Kwa sababu ya chuma ambacho mimi nimekitawanya mji mzima ili watu wacheke. Akasema hataki kwenda. Alisema mara moja tu, taratibu, "Sitaki kwenda, shemeji." Nikasimama nikavaa kanda mbili zangu.

Masanja nilimfuata palepale alipokuwa anafuta vumbi gari lake. Nikamwambia gari la baba yako litawaka kwa ufunguo. Akatabasamu kile kitabasamu cha ofisini. Akasema haya mzee, likiwaka kwa ufunguo siku ya misa ya arobaini, hapa kwenye tambarare, si kule kwenye mteremko wenu, basi sitauza na mama atabaki. Lisipowaka, lori la vyuma chakavu litakuwa linasubiri nje. Nikamwambia kubali kwa mkono. Akanipa mkono, halafu akaufuta.

Basi nikaanza kuombaomba kama ulivyokuwa ukinitukana. Masanja lile ganda alikuwa amelitia kwenye buti ya gari lake ndani ya mfuko mweusi, akanitolea kwa vidole viwili, analalamika limemchafulia zulia. Gari lina zulia, unasikia? Juma muuza nyama alikuwa ameining'iniza amecha kwa kamba nyuma ya mlango wa bucha, ili mlango ujifunge wenyewe nzi wasiingie. Akaniambia hajawahi kupata urithi unaofanya kazi vizuri hivyo. Nilimfungia jiwe mahali pake, na tangu siku ile jiwe linampiga kila mteja kisigino. Katekista ndiye alinichosha. Bolti zako alikuwa amekazia benchi la mbele kanisani, na akaniletea hoja kwamba kitu kilichotolewa msibani hakirudi nyuma, ni kama sadaka. Mtu mzima, ameshika Biblia, anatetea bolti! Nikamchongea vigingi vya mti mgumu, nikapiga mwenyewe, benchi limekaa imara kuliko imani yake.

Mwezi mzima sikupumzika. Ganda nililisugua kwa mafuta ya taa. Amecha niliipiga msasa pale kichwani mpaka shaba ikacheka. Kaboni, vile vijiwe vyeusi vinavyopeleka moto kwenye amecha, ulikuwa umevimaliza kabisa, nikatoa vya stata ya lori nikavisugua juu ya jiwe mpaka vikaenea. Bushi, vile vipete vya shaba ambamo amecha huzungukia, nilichongesha kwa fundi wa kerezo. Nimeendesha malori maisha yangu yote, hakuna pori ambako sijafungua stata kwa tochi ya kushikwa mdomoni. Kwa hiyo usidhani niliona tabu. Tabu ilikuwa ile bendeksi yako.

Nilizunguka Dodoma yote. Siku hizi mji umejaa maduka ya spea, vioo vitupu, na ndani amekaa kijana anayeuza kitu asichokijua jina. Unamwambia bendeksi ya gari la zamani, anakuuliza namba ya chesesi, kana kwamba Mpagazi lina namba, lina kutu! Mmoja akaniambia ninunue stata nzima ya gari jingine, wataifanyia maarifa. Nikamwambia maarifa yaanzie kichwani kwako. Mwingine akanitolea boksi limeandikwa orijino kila upande. Kitu cha orijino hakijitangazi hivyo, Maganga, hata wewe ulikuwa unajua. Lakini nilikuwa nimeshikika, nikaichukua, nikaifunga. Ilipogusa gurudumu la injini ililia kwee! meno yakalala upande mmoja kama mahindi ya ukame. Nilipoifungua, unga wa chuma ukanimwagikia mkononi. Nikarudi dukani nikamrushia boksi lake mezani, akaniambia mzee, mali ikishatoka nje hairudi. Hao ndio wafanyabiashara mliotuachia.

Siku ile nilikuja Zuzu. Nilikuwa na jembe begani. Ulinisikia?

Nilisimama juu yako. Sementi ilikuwa haijawekwa, udongo bado mlaini, mboji ya shamba la zabibu, mtu angeuchimba bila kutoa jasho. Nilijua kabisa iko wapi. Iko hapo juu ya kifua chako, mbaya, imechakaa, lakini meno yake ni ya Mpagazi. Nikakwambia, "Maganga, nirudishie." Kimya. Nikakutukana tusi lile ambalo ukilisikia hata ukiwa chooni ulikuwa unajibu. Kimya. Ndipo ikaniingia akilini, mtani. Msibani sikujua. Wakati natupa chuma juu ya jeneza sikujua. Nilijua pale, na jembe mkononi, kwamba hutajibu tena. Nilikaa chini kwenye udongo wako nikalia kama mtoto aliyenyimwa maziwa, na nilikuchukia kwa kila chozi.

Sikuchimba. Usidhani niliogopa. Nilijua tu kwamba ningekufikia ungekuwa unacheka.

Nikabaki na mahali pamoja. Nilifunga safari hadi kwa yule mnunuzi wa vyuma chakavu wa Masanja, njia ya kwenda Mtumba. Uwanja umejaa mabaki ya magari, mabati, vitanda, mashine za kusaga, na mizani kubwa ya chini ambayo unapima juu yake hata injini ya lori. Nilidhamiria kumbembeleza. Unaona ulikonifikisha? Nikiwa getini nikamsikia anagombeza vijana wake, na lafudhi ile, Maganga! Ile ya kwenu Tabora, maneno yanaburuzwa kana kwamba yamebebwa kichwani. Nikamuuliza mmoja, bosi wenu kabila gani? Akasema Mnyamwezi, anaitwa Kapela.

Moyo wangu ulifurahi. Sikubisha hodi. Nilipita moja kwa moja, nikapanda juu ya ile mizani, nikajilaza chali.

"We mzee, vipi?" akaja mbio. Nikamwambia, "Nipime! Nipime uniuze na mimi, maana Wanyamwezi mmezoea kubeba visivyo vyenu." Akasimama. Akanitazama. Nikaona uso unaanza kumlegea. "Wewe Mgogo?" Nikamwambia mimi Mgogo, nimefiwa na mpagazi wenu, nimemzika kwa heshima, nimecheza ngoma yote peke yangu, na ukoo wenu wa wachoyo haukunipa hata kifaranga. Haki yangu iko wapi? Sitoki hapa. Mteja akija, apimiwe pamoja na mimi.

Akapiga makofi akacheka. "Wagogo kwa kuomba! Hata kwenye mizani mnaomba mmelala!" Vijana wake wakazunguka. Mteja mmoja akaja na mkokoteni wa mabati, akakuta mzee kalala kwenye mizani, akageuka. Kapela akachuchumaa kando yangu akaniuliza kwa sauti ya chini ninataka nini hasa. Nikamwambia. Bendeksi ya gari la namna ile. Akafikiri kidogo, kisha akanielewa, si mjinga.

"Hilo gari si ndilo nitakalochukua siku ya arobaini?"

"Ndilo."

"Kwa hiyo unataka nikupe kifaa kitakachoninyima gari?"

"Ndiyo. Na unipe haraka, mgongo unaniuma."

Maganga, kijana yule aliinuka akajishika kiuno, akatazama juu, akasonya sonyo refu mno. Halafu akasema, "Mtani wa maiti hakataliwi, nikimkataa, mama yangu atanilaani mpaka nife." Akaingia nyuma ya lundo, ambako kulikuwa na mzoga wa gari ndugu yake Mpagazi umelala kifudifudi, nikasikia nyundo, nikasikia anatukana kikwenu. Akarudi nayo. Meno mazima, ina grisi ya zamani imekauka. Akaniangushia tumboni. "Shika, ombaomba. Na siku hiyo nitakuja na lori langu, mkishindwa nabeba gari na wewe ndani." Nikamwambia alete na shibe yake maana pilau letu halitoshi Wanyamwezi.

Siku ya arobaini ilifika. Misa ikaisha, watu wakala. Masanja alikuwa amevaa suti. Kapela alikuja kweli na lori, akaegesha getini, akakaa akala pilau sahani kwa sahani kama mwenye msiba. Tulikuwa tumelisukuma Mpagazi asubuhi hadi kwenye uwanja ulionyooka, mimi na katekista na Juma, na hakuna aliyetania hata kidogo wakati tunasukuma. Mkeo akatoka ndani. Alikuwa amevaa gauni jeusi na viatu vyako, zile buti. Akapanda.

Akageuza ufunguo. Tik.

Basi. Tik, halafu hakuna kitu. Akageuza tena. Tik. Nikamwona Masanja anaangalia saa. Nikamwona Kapela anaacha kutafuna. Mkeo aliweka mikono yote miwili juu ya usukani akanitazama kupitia kioo, na macho yale sitayasahau.

Nikapandwa na hasira zako zote za miaka yote. "Mpagazi mkubwa wee!" nikalifokea. "Mwana wa mpagazi! Hata leo?" Nikafungua boneti, na hapo hapo nikakumbuka ule uzembe wako, kwamba kichwa cha betri hujawahi kukikaza tangu ulinunue, ulikuwa unakipiga kwa jiwe, na jiwe lenyewe unaliweka chini ya kiti. Nikaenda nikapapasa chini ya kiti. Lilikuwepo. Jiwe lako jeusi, limeng'aa upande mmoja kwa kushikwa. Nikapiga kichwa cha betri mara kadhaa, kwa nguvu, kila pigo na tusi lake. Nikafunga boneti nikaenda nyuma. Nikasema, "Tia ufunguo, mama!"

Na stata ikashika, Maganga. Ikazungusha injini kwa sauti nene, ng'u ng'u ng'u, meno yamekaa kwenye meno, moshi ukatoka, Mpagazi likanguruma pale kwenye tambarare bila mkono wa mtu.

Ila mkono wa mtu ulikuwepo. Mjinga mimi, wala sikujua nimefanya nini. Kwenda nyuma kwenyewe nilikwenda kwa mazoea. Nilikuwa nimeweka viganja vyangu kwenye bati, nimeinama, nimekaza miguu, nasubiri uniambie sukuma. Mkeo akatia gia. Gari likaondoka. Nilikuwa nimeliegemea kwa uzito wangu wote na likaondoka, nikaanguka kifudifudi mbele ya watu wote, mdomo kwenye vumbi.

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Kapela alimwaga pilau. "Mgogo kaanza tena!" wakawa wanasema. "Huyu mzee utani wake hauishi!" Nami nilibaki pale chini, sikuinuka, mabega yananitetemeka, na kadiri nilivyotetemeka ndivyo walivyozidi kucheka. Hakuna aliyejua. Nimekwambia wewe tu.

Mkeo hakwenda kwa Masanja. Hivi ninavyoandika yuko Zuzu anavuna, zabibu zimeiva vizuri mwaka huu, hata sijui kwa nini, kwa kuwa mbolea iliyopo hapo ni ya kivivu. Masanja alikuja Jumapili, akavua vile viatu vilivyochongoka, akabeba kreti mpaka mgongo ukamkataa. Bado ni mpumbavu, ila ni mpumbavu anayekuja. Kapela naye alileta jogoo. Nimemla peke yangu.

Asubuhi ndiyo mbaya. Nasikia Mpagazi likiwaka ng'ambo ya ua, safi, mara moja, linaondoka zake. Uji wangu nakunywa wa moto siku hizi. Hauna maana yoyote.

Haya, nimekutukana vya kutosha, wino unaisha. Nakuahidi mke wetu hatapungukiwa bolti wala bushi nikiwa na macho, na kila mavuno nitakuja hapo juu ya sementi yako nikueleze ulivyokuwa wa hovyo, watu wasije wakaanza kukusifu ukavimba kichwa. Ile bendeksi baki nayo. Huko uliko bila shaka umeshapata gari jingine bovu, nakujua. Litafutie mteremko mzuri, uliegeshe, ukae kwenye usukani. Usimwite mtu mwingine akusukume. Nakuja.

Mgogo wako,
Ndahani, wa ukuta wa pili